HAKUKUWA NA MHUNZI KATIKA ISRAELI
Somo: 1 Samweli 13:19-22

Fungueni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13.

Hapo Neno la Mungu linatuonyesha aibu moja kubwa ya Waisraeli. Walikuwa na mashamba, walikuwa na majembe, walikuwa na mfalme. Lakini katika nchi yao yote hakukuwa na mhunzi hata mmoja. Wafilisti walitaka iwe hivyo, ili Waebrania wasijitengenezee panga wala mikuki. Basi jembe likiwa butu, mwenyewe alilibeba akashuka nalo kwa Wafilisti, likanolewa kwa malipo. Na siku ya vita ilipofika, katika jeshi lote, Sauli na Yonatani mwanawe peke yao ndio waliokuwa na upanga na mkuki.

Ndugu zangu, tujiangalie sisi wenyewe. Simu ya mama muuza mihogo ikiharibika, inapanda pikipiki kwenda kutengenezwa mjini. Kijana anayetaka kuandikisha barua ya kuomba kazi anatembea nusu siku kutafuta mahali penye ordinatere. Kituo cha afya kimepata umeme wa jua, lakini waya ukikatika, wamama wanazaa kwa mwanga wa tochi mpaka fundi atoke mbali. Kila mara faranga ya kijiji inashuka na hairudi. Kumbukeni kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, ile inayotiwa ndani ya betri za simu, inachimbwa hapa kwetu Congo. Udongo ni wetu, lakini betri ikifa tunaibeba kwa wengine. Sisemi kama fundi wa mjini ni adui. Ninasema taifa lisilofundisha watoto wake litalipa kila siku, na siku ya vita litakuwa mikono mitupu.

Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo. Tunamshukuru Mungu. Iko pia INPP, taasisi ya serikali ya kufundisha kazi, tangu mwaka 1964. Lakini mtoto wa kijijini akitaka kwenda kujifunza mjini, nani atamlipia nauli, chumba na chakula? Wengi wanaishia machimboni. Wengine wanafuatwa na wenye bunduki. Shetani hachelewi kuwapatia vijana wetu kazi. Ni sisi tunaochelewa.

Mtu atasema: “Mchungaji, hayo ni mambo ya dunia, kanisa lihubiri wokovu.” Sisi Wapentekoste tunapenda kusema juu ya kujazwa Roho. Someni basi Kutoka sura ya 31 na ya 35. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi, jina lake Bezaleli. Roho alimpa ujuzi wa dhahabu, wa mawe na wa mbao. Tena Mungu alimpa yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Na sadaka ya kazi ile? Watu walileta kila asubuhi, mpaka Musa akatangaza wasilete tena, maana ilikuwa imezidi.

Sasa tufanye hesabu, kama Yesu alivyofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Tuseme kanisa liko na watu 100, na kila mmoja anatoa faranga 500 kwa juma. Hiyo ni faranga 50.000 kwa juma. Kwa majuma 52 inafika faranga 2.600.000. Hiyo si mali ya kudharau, nayo imetoka mikononi mwetu wenyewe bila kungoja mfadhili. Wamama wanaofanya likirimba wanajua: kidogo kinachotoka kila juma kinazidi ahadi kubwa ya siku moja.

Lakini fedha hiyo ielekezwe vizuri. Katika sehemu nyingi ordinatere zililetwa kwa shangwe, leo zinashika vumbi ndani ya sanduku, kwa sababu hakuna umeme na hakuna mwalimu. Kwa hiyo mwalimu alipwe kwanza. Kisha umeme wa jua na betri yake. Kisha mashine na vyombo vya kutengenezea simu. Fungu moja libaki kwa matengenezo. Na kijana anayemaliza apewe vyombo vya kuanzia kazi, maana cheti bila bisibisi hakifungui simu.

Angalieni pia Paulo katika 2 Wakorintho sura ya 8. Alipobeba mchango, hakutaka kuubeba peke yake. Alitaka ndugu waaminifu waende pamoja, ili mtu asipate la kulaumu. Nasi tuchague watu watatu, na mama mmoja kati yao. Hesabu isomwe mbele ya kanisa kila mwezi. Na wanafunzi wachaguliwe kwa haki: mtoto wa mchungaji asipite mbele ya yatima.

Msiwasahau mabinti. Katika Nehemia 3:12 Shalumu alitengeneza ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Kama mabinti waliweza kujenga ukuta, wataweza pia kufunga waya na kuandika kwa ordinatere.

Na kila anayefundishwa kwa sadaka ya kanisa aahidi kufundisha wawili wa kijiji chake, kabla hajafikiri kwenda mbali. Hivyo ndivyo ujuzi wa Bezaleli ulivyoendelea.

Wazee wa kanisa, juma hili kaeni pamoja mwulizane: watoto wetu ni wangapi waliomaliza shule na wanakaa bure? Andikeni majina yao. Muombee majina hayo, kisha muanze kutoa.

Bwana, utupe wahunzi kati ya watoto wetu, na utupe sisi mikono iliyofunguka. Kwa jina la Yesu. Amina.