UHAMIAJI NA NENO LA JIRANI

Kilindini ni mlango. Jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji marefu. Kwa mlango huo, na kwa ule wa Bandari ya Kale karibu na Ngome ya Yesu, watu wameingia Mombasa tangu zamani: mabaharia wa majahazi ya kaskazi, wavuvi wa Pemba, wafanya biashara wa Hadhramaut na Bara Hindi. Kila mlango una bawabu wake. Yafaa watu wafahamu ni nani bawabu wa mlango huu, na jirani naye ana kazi gani.

Sheria yajibu waziwazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka mambo ya uraia na uhamiaji mikononi mwa Serikali ya Taifa. Serikali ya Kaunti ya Mombasa haitoi pasipoti wala kitambulisho, wala haina amri ya kumfukuza mtu nchini. Askari wa kaunti kazi yake ni leseni za biashara, masoko na usafi wa mji. Hati za kuingia nchini ni kazi ya afisa wa uhamiaji na ya polisi. Lakini Kifungu cha 6 cha Katiba hiyo hiyo chaagiza serikali hizi mbili zishauriane na kushirikiana.

Ushirikiano huo huanza siku mtoto azaliwapo. Akizaliwa katika hospitali ya kaunti, hospitali hutoa taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Karatasi hiyo ndogo ndiyo iletayo cheti cha kuzaliwa, na cheti ndicho kiletacho kitambulisho atimizapo miaka 18. Mzazi aipuuzaye huona hasara yake baada ya miaka mingi, siku kijana wake anaporudishwa mlangoni pa ofisi. Hapo afisa asiyemjua kijana humwuliza chifu, na chifu huwauliza wazee wa mtaa. Basi neno la jirani huwa na uzito sawa na muhuri.

Katika Pwani neno hilo lina uzito zaidi, na sababu yake ni ya kihistoria. Tangu mwaka 1895 hata 1963, ukanda wa maili 10 wa mwambao ulitawaliwa na Waingereza, hali ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja. Mvuvi aliyetoka Pemba kuja Mombasa alitoka katika milki ya Sultani na kuingia katika milki ya Sultani huyo huyo. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru pamoja na ukanda huo, na mvuvi yule akajikuta mgeni mahali alipolala jana akiwa mwenyeji. Wamakonde nao walikuwa wameletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi ya mashamba ya mkonge na miwa. Watu hao walioa, wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Lakini hawakuwa na kitambulisho. Asiye nacho hapati leseni ya uvuvi, hafungui hesabu benki, hapigi kura, wala haandikwi kazi bandarini.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia njia watu wasio na nchi ambao wamekaa Kenya tangu uhuru, pamoja na wazao wao. Hata hivyo miaka ilipita. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Wapemba walikubaliwa kuwa miongoni mwa jamii za Kenya mwezi wa Julai 2023. Mtu asiye na karatasi hana shahidi ila watu. Ndiyo maana mzee anayekumbuka ni nani aliyejenga nyumba ipi, na mwaka gani, ni hazina kwa Serikali na kwa jirani yake.

Lakini ushirikiano waweza kuharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumshika mtu kwa sura, jina au mavazi yake. Mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, hasa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Raia walichanganywa na wageni. Mtaa uliotendewa hivyo hufunga midomo, na polisi hukosa habari hata za mwizi wa kweli. Kila mtu na ajue ya kuwa Kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama baada yake.

Njia ya pili ni mzee kuuza neno lake. Ampaye mgeni ushahidi wa uongo kwa sababu ya fedha, na amnyimaye mzaliwa ushahidi wa kweli kwa sababu ya chuki, kosa lao ni moja: wote wawili wamemfanya afisa kipofu.

Kwa hiyo wazazi na waandikishe watoto wao mapema, wala wasingoje miezi 6 ipite. Aliyealikwa kutoa ushahidi na aseme ayajuayo tu, asizidishe wala asipunguze. Naye chifu na amsikilize mwombaji kabla ya kulitazama jina lake. Mlinzi wa mpaka hulinda nchi. Lakini ni jirani awezaye kumwambia nani mgeni, na nani ni mtoto wa nyumbani.