Taruma la Jahazi na Taruma la Reli: Kiswahili na Vitabu vya Maarifa vya Safari, Bahari, Wanyama na Uhandisi



1.0 Utangulizi

Neno taruma lina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Kwa waunda vyombo vya baharini, mataruma ni mbao zilizopinda mithili ya mbavu, ambazo hupangwa kutoka kwenye mkuku kwenda juu ili kuushikilia ubavu wa jahazi. Kwa mafundi wa njia ya garimoshi, mataruma ni vipande vya mbao, chuma au zege vinavyolazwa chini ya reli ili zisiachane. Uhusiano wa maana hizo mbili uko wazi: umbo ni moja, mpangilio ni mmoja na kazi ni moja, yaani kushikilia. Neno la bahari limepanda nchi kavu na kuwa istilahi ya uhandisi bila kubadili hata herufi.

Mhadhara huu unahusu vitabu vya maarifa, yaani maandishi yasiyo ya kubuni, katika nyanja nne: safari za uvumbuzi, historia ya bahari, wanyama na uhandisi. Nyanja hizo zimeandikiwa maelfu ya kurasa kuhusu Afrika Mashariki, lakini sehemu kubwa ya kurasa hizo imo katika lugha za Ulaya. Hoja ya mhadhara ni kwamba istilahi haiishi kwa kuorodheshwa tu. Huishi ndani ya sentensi za kitabu kinachoeleza kazi inavyofanywa. Lugha isiyo na vitabu vya namna hiyo hupoteza maneno yake, na pamoja nayo hupoteza ushahidi wa watu wake.

2.0 Maarifa yaliyosemwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa lugha nyingine

Mwaka 1856 ramani moja ya Afrika Mashariki ilizua mjadala mkubwa miongoni mwa wanajiografia wa London. Wamisionari walioiandaa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, hawakuwa wameyaona maji waliyoyachora. Habari zao zilitoka kwa watu waliosafiri na misafara ya biashara kati ya pwani na bara. Kwa kuwa wasafiri walioanzia bandari mbalimbali wote walisema kuwa njia zao zilifikia maji makubwa, wamisionari hao walidhani kuwa maji ni yale yale. Wakachora bahari moja ndefu, yenye umbo lililofananishwa na konokono asiye na gamba. Kumbe wasafiri walikuwa wakieleza maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile la Ukerewe, ambalo ramani nyingi hulitaja kwa jina la Viktoria. Habari zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni maandishi ya wasafiri wenyewe, ambayo yangebainisha njia ipi ilifikia maji yapi, na kwa mwendo wa siku ngapi.

Ramani hiyo ilichangia kutumwa kwa Richard Burton na John Hanning Speke, walioanza safari ya bara mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Miongoni mwa watu wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa India, kisha akarejea Zanzibar akiwa huru. Speke alizungumza na Bombay kwa Kihindustani. Speke alipokuwa katika ikulu ya Mutesa wa Buganda mwaka 1862, maneno yake yalipokewa na Bombay kwa Kihindustani, yakapelekwa kwa mkalimani wa pili kwa Kiswahili, ndipo yakamfikia Kabaka kwa Kiganda. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Kitabu alichochapisha Speke mwaka 1863 kiko kwa Kiingereza, lakini mazungumzo mengi yaliyomo yalipita kwenye daraja la Kiswahili, na daraja lenyewe halionekani katika maandishi.

Mfano wa pili unaunganisha wanyama na uhandisi. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo, simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi na kusimamisha kazi. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba hao Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 akachapisha kitabu kilichosomwa duniani kote. Katika kitabu hicho anataja idadi ya Wahindi waliouawa kuwa 28. Kuhusu Waafrika, anaeleza kuwa walikuwa wengi, lakini hakukuwa na kumbukumbu rasmi ya idadi yao. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago, walikadiria kuwa watu walioliwa walikuwa takriban 35. Hivyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, sayansi imelazimika kuyauliza manyoya ya simba swali ambalo watu wa Tsavo wangeweza kulijibu, laiti kungekuwa na mtu wa kuwaandikia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huhesabiwa kuwa ya wafanyabiashara, lakini inawahusu wanahistoria vilevile.

3.0 Nathari ya safari kwa kalamu za Waswahili

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakikuwa na uwezo wa kuandika habari hizo. Baadhi ya nathari ya mwanzo kabisa iliyochapishwa katika lugha hii ni nathari ya safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*. Miongoni mwa waandishi wake ni Selim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapa mkondo wa uvumbuzi unageuka: mtu wa Bahari ya Hindi ndiye mgeni mwenye kutazama, na Ulaya na Asia ya kaskazini ndizo nchi zinazotazamwa, zikielezwa watu wake, mavazi yake na baridi yake kwa msomaji wa pwani.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na msomaji hana budi kuyasoma akikumbuka jambo hilo. Hata hivyo, kwa mwanaisimu ni hazina. Sentensi zake ni fupi na zimejaa vitendo: watu wanaondoka, wanafika, wanakaa, wanapigana, wanapima pembe kwa frasila. Aidha, humo mna maelezo ya safari ya mwaka 1876, Tippu Tip alipomsindikiza Henry Morton Stanley kutoka Nyangwe. Stanley aliieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1878. Kwa hiyo tukio hilo lina mashahidi wawili, na mmoja wao anazungumza kwa Kiswahili, akilalamikia ahadi anazodai hazikutimizwa. Bila tawasifu hiyo, historia ingekuwa na upande mmoja tu.

4.0 Tangazo lililokosa lugha moja

Suala la lugha linajitokeza pia katika elimu ya viumbe vya baharini. Mwaka 1938 samaki wa ajabu alivuliwa Afrika Kusini. Alikuwa silikanti, wa ukoo uliodhaniwa kuwa ulitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alimtambua, kisha akatumia miaka 14 kumtafuta wa pili. Alisambaza katika pwani ya mashariki ya Afrika tangazo lenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Tangazo hilo liliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Desemba 1952 samaki huyo alipatikana Nzwani, katika visiwa vya Ngazija. Ikabainika kuwa wavuvi wa visiwa hivyo walimfahamu siku zote na walimwita gombessa. Smith aliisimulia habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1956. Lugha tatu za tangazo zilikuwa lugha za watawala wa pwani hiyo. Lugha za wavuvi hazikuwamo, ilhali jina la samaki lilikuwa kwao. Baadaye silikanti wengi walinaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ilianzishwa huko kwa ajili yake. Mvuvi anayetakiwa kumhifadhi samaki huyu anastahili kitabu kinachomweleza, kwa lugha yake, ni kwa nini kiumbe anayechana wavu wake anathaminiwa na dunia nzima.

5.0 Bahari kama akiba ya istilahi

Tukirudi kwenye taruma, ni dhahiri kuwa neno hilo haliko peke yake. Rubani alikuwa mwongozaji wa chombo kinapoingia bandarini. Leo huendesha ndege. Usukani ulikuwa ubao wa nyuma ya chombo. Leo uko mikononi mwa dereva wa lori. Nahodha ameingia katika uwanja wa mpira. Dira imetoka mbele ya nahodha ikaingia katika mipango ya maendeleo ya taifa. Mrama, ambao ni mwyumbo wa chombo katika mawimbi, umekuwa namna ya kueleza jambo lolote linaloharibika. Bahari imekuwa ghala ambalo Kiswahili huchota maneno kila kinapokutana na mtambo mpya au taasisi mpya.

Ghala hilo linapungua. Foromali, goshi, demani, dasturi na deheni ni maneno yaliyomo katika kamusi, lakini ni wanafunzi wangapi wa leo wanaoweza kueleza foromali inavyopandishwa, au deheni inavyopakwa kwenye chombo? Kamusi huhifadhi jina la kitu. Haihifadhi mpangilio wa kazi. Mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, ulikuwa umetoweka baharini kabla ya katikati ya karne ya 20. Maelezo yake ya kitaalamu yanayotajwa sana ni ya James Hornell, ya mwaka 1941, kwa Kiingereza. Utafiti mkubwa wa A. H. J. Prins kuhusu ubaharia wa Lamu, wa mwaka 1965, nao ni wa Kiingereza, ingawa umejaa istilahi za Kiswahili. Maneno ni ya Lamu. Sentensi zinazoyabeba ni za kwingine.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza husema kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Jibu lake limo katika kazi iliyokwisha kufanyika: kwa mfano, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi nyingi za kamusi za namna hiyo hazikupata vitabu vya kuzitumikisha. Istilahi isiyotumika ni sawa na mashua iliyoundwa ikaachwa juu ya magogo: jua huipasua kabla ya maji kuijaribu.

Pingamizi la pili husema kuwa wasomaji wa vitabu vya maarifa ni wachache. Ni kweli kwamba soko ni dogo, na wachapishaji hawawezi kulaumiwa kwa kuogopa hasara. Lakini historia inaonyesha kuwa hamu ipo pale maarifa yanapogusa maisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusoma pamoja, ikawafikia watu wengi mno vijijini. Mada zilikuwa maji, choo na mbu, na wananchi wa kawaida walizijadili kwa Kiswahili kisha wakachimba vyoo.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, juu ya mataruma ya zege. Fundi aliyeyapanga mataruma hayo anaujua mpangilio wake, kama fundi wa jahazi anavyoujua wa kwake. Wote wawili wana maarifa, na wote wawili hutumia neno lilelile. Kinachohitajika ni mwandishi.

Hapo ndipo penye wajibu wa idara za Kiswahili. Tasnifu nyingi huchambua riwaya, tamthilia na ushairi, na kazi hiyo iendelee. Lakini mwanafunzi mmoja kati ya wengi angeweza kukaa na fundi mmoja, akaandika kurasa 50 za Kiswahili sanifu zinazoeleza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuunda ngalawa, kutega dema, kulaza reli, kumfuatilia tembo. Kurasa hizo zipimwe kwa kigezo kimoja: fundi mwenyewe asomewe, naye akiri kuwa ndivyo kazi inavyofanywa. Zikishapita kipimo hicho, zichapwe. Wazee wa bahari hawataingoja kamati, na mtepe haukuingoja.