Gita Moja na Sauti Moja: Kuchagua Vifaa Nafuu vya Kurekodi Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wa kata



Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Wilaya ya Kilwa. Watu wengi walipata hasara kubwa kuliko ile ya msanii aliyeshindwa kwenda studio. Hata hivyo, kwa mpiga gita wa Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga au Nangurukuru aliyezoea kupeleka nyimbo zake Dar es Salaam, siku zile zilikuwa fundisho: sauti yake ilitegemea daraja.

Hata barabara ikiwa nzima, safari ya takribani kilomita 300 ina nauli, malazi, chakula na malipo ya studio. Msanii anayeimba peke yake hubeba gharama hizo zote kwa wimbo mmoja. Naye akikosea ubeti, saa ya studio haimsubiri. Ndiyo maana swali la vifaa vya kurekodia nyumbani si la anasa. Ni swali la huduma, la kipato, na la kumbukumbu ya mwambao huu.

Historia inatoa mwanga. Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake iingizwe katika sahani za santuri. Wakati huo mwimbaji aliufuata mtambo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, Kongo, ambao leo huitwa Likasi. Kijana yule alikuwa na gita kavu moja na nyimbo zake za Kiswahili. Hakuwa na bendi wala studio, na rekodi zake zikasikika mbali na Katanga. Hapo mtambo ulimfuata mwimbaji. Leo mtambo unaweza kukaa nyumbani kwa mwimbaji mwenyewe, mradi ajue cha kununua na cha kuacha.

Pwani ya Lindi ina sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, nao ukapigwa chapa mwaka 1933. Maneno yake yanasomeka hadi leo kwa kuwa yaliandikwa. Lakini kalamu haihifadhi sauti. Wazee wenye nyimbo za unyago, za jando, za wavuvi na za kazi za shamba bado wapo vijijini. Kila mmoja akiondoka bila kurekodiwa, huondoka na mahadhi ambayo hakuna daftari linaloweza kuyarudisha.

Basi msanii aanzie wapi? Aanzie chumbani, kabla ya dukani. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia katika rekodi hautoki kirahisi. Godoro likisimamishwa nyuma ya mwimbaji, mikeka ikatandikwa sakafuni, na khanga nzito au mablanketi yakatundikwa ukutani, kelele nyingi hupungua bila kutumia shilingi moja. Paa la bati halifai wakati wa mvua, na upepo wa kusi hupiga madirisha mchana. Saa nzuri ni usiku wa manane au kabla ya alfajiri, bodaboda zikiwa zimelala na majirani wametulia. Feni na jokofu vizimwe kwa muda. Sikio huvizoea, kipaza sauti hakivizoei.

Baada ya chumba, zipo njia tatu, na mnunuzi achague kwa kadiri ya mfuko wake.

Njia ya kwanza ni simu aliyonayo. Simu ya kisasa ikiwekwa juu ya kigoda, umbali wa kama mita moja kutoka kwa mpiga gita, hutoa rekodi inayotosha kuhifadhi wimbo na kujifunzia makosa. Udhaifu wake ni kwamba simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, hivyo wimbo wa taratibu na wimbo wa nguvu husikika karibu sawa. Hata hivyo, asiyewahi kujirekodi kwa simu hana haraka ya kununua kitu kingine. Mwenda pole hajikwai.

Njia ya pili ni kinasa sauti cha mkononi. Mfano unaojulikana ni Zoom H1n: kina vipaza sauti viwili vidogo juu yake, hutumia betri mbili ndogo za AAA, na hufanya kazi kwa takribani saa kumi. Hakihitaji kompyuta wala umeme wa ukutani. Kwa anayetaka kurekodi wazee vijijini, au anayeishi mahali ambapo umeme si wa uhakika, njia hii ndiyo yenye manufaa zaidi. Upungufu wake ni kwamba gita na sauti huingia pamoja. Kimoja kikizidi, hakuna namna ya kukishusha peke yake baadaye. Dawa yake ni kusogeza kifaa: kikikaribia mdomo, sauti hupanda, kikishuka kuelekea gita, gita hupanda. Msanii ajaribu mara tatu au nne kabla ya kurekodi kwa dhati.

Njia ya tatu ni kompyuta pamoja na kisanduku cha kuingizia sauti, ambacho wenye studio hukiita saundi kadi. Kazi ya kisanduku hiki ni kukuza sauti dhaifu ya kipaza sauti na kuibadilisha iwe tarakimu ambazo kompyuta inazielewa. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa kununua chenye njia nane za kuingizia sauti ilhali wao ni mtu mmoja na gita moja. Mtu mmoja anahitaji njia moja, au mbili asipotaka kurekodi gita kwanza na sauti baadaye. Behringer UM2 ina njia moja ya kipaza sauti. UMC202HD ina mbili. Focusrite Scarlett Solo nayo ina njia moja ya kipaza sauti, na bei yake ni ya juu zaidi. Kwa anayeanza, tofauti ya sauti kati ya vifaa hivi ni ndogo kuliko tofauti kati ya chumba kizuri na chumba kibaya.

Programu ya kurekodia isimgharimu mtu. Audacity hutolewa bure, haihitaji kompyuta yenye nguvu, na inatosha kabisa kwa gita na sauti. Hakuna haja ya kununua programu ya wizi katika kijidude cha USB, ambayo mara nyingi huja na virusi.

Sasa kipaza sauti chenyewe. Vipo vya aina kuu mbili. Cha dainamiki ni kigumu, hakihitaji umeme, na husikia zaidi kilicho karibu nacho. Cha kondensa husikia kwa upana na kwa undani, hasa mlio mwembamba wa nyuzi za gita, lakini huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika saundi kadi, nacho husikia pia jogoo wa jirani, jenereta ya dukani na mtoto anayelia nyumba ya tatu. Mafundi wengi husifu kondensa kwa gita kavu, na katika chumba kilichotulia wana haki. Lakini katika nyumba ya kawaida ya mtaani, cha dainamiki mara nyingi huleta rekodi safi zaidi kwa fedha kidogo. Anayetaka kondensa ahakikishe kwanza kwamba saundi kadi yake inatoa volti 48. Bila hizo, kipaza sauti hicho hakitatoa sauti yoyote.

Shure SM58, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966, ni mfano wa dainamiki unaojulikana duniani kote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoghushiwa sana. Halisi ina uzito wa gramu 298. Mnunuzi asione haya kuomba mizani ya dukani; ikionekana nyepesi mno, aiache. Bei iliyo chini kupita kiasi nayo ni onyo, kwani waliotangulia walisema rahisi huvunja upishi. Asiyeweza kumudu jina kubwa ni heri anunue dainamiki halisi ya jina dogo, kama Behringer XM8500, kuliko bandia ya jina kubwa.

Vitu vitatu husahauliwa, navyo ndivyo vinavyoharibu kazi. Cha kwanza ni hedifoni zinazofunika sikio lote, ili sauti isivuje na kurudi katika kipaza sauti. Cha pili ni waya imara: waya mbovu hutoa mkwaruzo ambao watu huulaumu mtambo. Cha tatu ni stendi, kwa sababu mkono unaoshika kipaza sauti hauwezi kupiga gita. Fedha za vitu hivi zitengwe kabla ya kulipia saundi kadi, si baada yake.

Vifaa vikishapatikana, namna ya kuvipanga haina gharama. Kwa gita, kipaza sauti kielekezwe pale shingo inapokutana na mwili wa gita, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kikielekezwa tunduni moja kwa moja, mlio huwa mzito na wenye kuvuma. Kwa sauti, kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isikipige. Soksi nyembamba ya kike ikivutwa juu ya duara la waya huzuia pumzi hiyo vizuri. Kiwango cha sauti kiwekwe chini: mwimbaji akiimba kwa nguvu zake zote, alama isifike sifuri. Sauti ndogo inaweza kupandishwa baadaye, iliyopasuka haiungiki.

Hewa ya bahari ni adui wa vifaa hivi. Chumvi na unyevu hula viungo vya chuma na huharibu kondensa taratibu. Kila baada ya kazi, kipaza sauti kifutwe kwa kitambaa kikavu na kuwekwa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Kompyuta mpakato itumie betri yake wakati wa kurekodi, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Aghalabu hata mvumo wa umeme hupungua.

Rekodi nazo zinahitaji ghala. Dakika moja ya sauti ya njia moja, kwa kiwango kizuri cha biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takribani megabaiti 8. Wimbo wa dakika nne wenye gita na sauti katika njia mbili ni kama megabaiti 64. Ni kidogo, hivyo hakuna sababu ya kuwa na nakala moja tu. Nakala ya pili iwe katika USB, na ya tatu ikae nyumba nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari; na rekodi ya marehemu ikipotea, hakuna wa kuombwa airudie.

Upande wa fedha, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaoweza kushirikiana wana njia iliyo wazi. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa kwanza. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni. Kikundi kitakachonunua mtambo mkubwa usio na kazi kitabaki na marejesho bila mapato, na kitawafungia mlango wanaongoja nyuma yake. Kikundi kitakachoanza na kinasa sauti kimoja, kikaonyesha nyimbo kilizorekodi, harusi na semina kilizohudumia, kitakuwa na hoja ya kuomba zaidi.

Mwisho ni suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, nayo inagusa pia sanaa za jadi. Anayemrekodi mzee aombe ridhaa yake mbele ya familia, aandike jina lake, kijiji chake na tarehe, na akubaliane naye mapema kuhusu mapato. Baadhi ya nyimbo za unyago na jando si za kusikilizwa na kila mtu. Mwenye nazo akisema zisirekodiwe, mtambo uzimwe. Msanii anayetaka kuuza kazi zake ajisajili BASATA na kuzisajili kazi zenyewe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Afisa Utamaduni wa Wilaya anaweza kuelekeza hatua zake.

Ndugu wananchi, hakuna kifaa kilichotajwa hapa kinachoweza kumfanya mpiga gita mbaya kuwa mzuri. Kinachoweza ni kumwondolea mzuri kisingizio cha barabara. Usiku wa leo, mwenye simu na azime feni yake, atandike mkeka, amwalike mzee mmoja wa mtaa mwenye wimbo wake, na amwombe ruhusa. Hayo hayahitaji mkopo, na hayawezi kungoja msimu ujao wa korosho.