Mahindi Yenye Njaa Huita Kayongo



Leo nazungumzia gugu tunalolijua sote kwa maua yake ya zambarau: kayongo. Mvua imenyesha, palizi imefanywa, lakini mahindi yanadumaa na kugeuka manjano. Chanzo kiko mizizini.

Mmea hauna masikio, lakini seli za mizizi yake hutambua udongo unapopungukiwa na chakula, hasa fosforasi. Hapo hutengeneza kemikali iitwayo strigolaktoni na kuitoa udongoni. Huo ni mwito wa msaada kwa kuvu rafiki wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi.

Kwa bahati mbaya, mbegu za kayongo nazo huupata mwito huo. Ni ndogo kama vumbi, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Zikiitwa huota, hujipachika kwenye mzizi wa mahindi na kunyonya maji na chakula. Gugu linapochomoza juu, hasara kubwa imekwisha kutokea chini. Ndiyo maana kung'oa peke yake hakutoshi.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tulishe udongo kwa samadi iliyooza vizuri, mboji na mbolea yenye fosforasi. Mahindi yaliyoshiba hupunguza mwito.

Pili, tupande desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Njia hii ya vuta-sukuma ilifanyiwa utafiti na ICIPE katika kituo chake cha Mbita, hapa Homa Bay, pamoja na washirika wake. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kayongo, kisha huzuia miche yake isijipachike kwenye mahindi, ikafa. Desmodiamu pia huongeza naitrojeni udongoni, na harufu yake hufukuza nondo wanaozaa viwavi vya mabua. Nepia huwavuta kando. Mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe.

Tatu, tung'oe kayongo kabla haijatoa mbegu. Mmea mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu.

Shamba lililojaa mbegu halisafiki kwa msimu mmoja, kwa hivyo tuwe na subira. Mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kupanda.