Mtoto Anayetoka Nje Mara kwa Mara

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, makatekista na wazazi katika semina ya Kamati ya Haki na Amani ya parokia



Mada tuliyopewa inahusu kambi za likizo wanazoandaliwa watoto wenye maradhi sugu ya matumbo huko Marekani. Baadhi yenu mlipoiona katika ratiba mliuliza, tena kwa haki, kambi za Wamarekani zinatuhusu nini sisi ambao hata karo za shule zinatushinda. Tunaomba mtuvumilie. Kabla ya kufika Marekani itatubidi kuanzia katika mabenchi ya kanisa letu wenyewe, maana mada hii imezaliwa humo.

Miaka michache iliyopita, katika darasa la Kipaimara, palikuwa na binti wa miaka 12 ambaye hakuweza kumaliza kipindi bila kutoka nje mara mbili au tatu. Katika Misa mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katekista alimwonya, asisikie. Ndipo sisi wenyewe tulipomkemea mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba kanisa si soko la kuingia na kutoka. Watoto wenzake walicheka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine, nasi tukaandika jina lake katika orodha ya watoro.

Baada ya mwezi hivi mama yake alikuja ofisini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba, mwanangu si mtoro. Anaharisha damu." Kwa miaka miwili mtoto yule alikuwa ametibiwa minyoo, amiba na taifodi, akapewa hata dawa za kifua kikuu cha tumbo. Majirani nao walikuwa na maelezo yao, ambayo ninyi mnaweza kuyakisia. Hatimaye alifikishwa katika hospitali kubwa, daktari akamchunguza kwa mpira mwembamba wenye kamera, akaona vidonda vimeenea katika utumbo mpana. Kabla hajaondoka, mama aliuliza, "Je, Baba, wapo watoto wengine kama huyu? Maana yeye anaamini yuko peke yake duniani." Hatukuwa na jibu. Tulianza kuwauliza waganga na kusoma, na kwa idhini ya mama huyo tunawaeleza leo tuliyoyapata.

Maradhi yenyewe ni ya namna mbili kuu. Ya kwanza huitwa maradhi ya Crohn, kutokana na jina la daktari Burrill Crohn ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake wawili wa New York, aliyaeleza katika jarida la waganga. Haya yaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, tangu kinywani hadi mwisho wake. Ya pili ni kolitisi ya vidonda, nayo hukaa katika utumbo mpana. Katika zote mbili, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Utumbo huvimba, huchubuka na kutoa damu. Hatuna budi kusema wazi kwamba maradhi haya hayaambukizi, na hayaletwi na uchafu wa nyumba wala na uzembe wa mama jikoni. Huja na kutulia, kisha huamka tena, na mara nyingi humfuata mtu maisha yake yote. Takriban robo ya wagonjwa hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 20.

Kwa mtoto, mzigo ni mzito kuliko kwa mtu mzima, kwa sababu yeye bado anakua. Wengi hubaki wafupi na wembamba, na balehe hukawia, hata kijana wa miaka 15 akadhaniwa ana miaka 11. Dawa za steroidi, ambazo mara nyingi hutumika kutuliza uvimbe, humfanya uso wake ujae na kuwa wa duara, na wenzake humpa jina la utani. Wengine hulishwa kwa mpira unaopita puani. Wengine hupata dawa kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa. Wako pia waliokatwa sehemu ya utumbo, nao hubeba mfuko wa kinyesi ubavuni.

Lakini mama yule hakulalamikia zaidi maumivu. Alilalamikia aibu. Mgonjwa wa moyo tunampa pole, lakini mgonjwa wa choo tunamcheka, na mtoto huyajua hayo mapema. Hujifunza kusema uongo mdogo mdogo: kwamba hana njaa, kwamba hapendi mpira, kwamba amesahau daftari nyumbani. Hali chochote asubuhi ili tumbo litulie hadi saa sita. Kabla ya safari huuliza kwanza choo kiko wapi, na asipopata jibu hukataa kwenda. Polepole ulimwengu wake hupungua mpaka unabaki nyumba moja na njia moja ya kwenda hospitali.

Hapo ndipo habari za kambi zinapoingia. Katika Marekani ni desturi ya siku nyingi kwamba shule zikifungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, watoto hupelekwa kambini msituni au kando ya ziwa. Hulala katika mabanda ya mbao, huogelea, hupanda farasi, huimba usiku kando ya moto. Kwa Mmarekani wengi, utoto usiokuwa na kambi una pengo. Mtoto mgonjwa aliachwa nyumbani, kwa sababu hapakuwa na mtu kambini aliyethubutu kumpa dawa zake. Wa kwanza kufunguliwa mlango walikuwa watoto wa kisukari: tangu miaka ya 1920, punde baada ya insulini kupatikana, waganga walianza kuwaandalia kambi zenye wauguzi. Mwaka 1988 mcheza sinema Paul Newman alifungua kambi huko Ashford, jimbo la Connecticut, kwa ajili ya watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito, wakiwamo wale wa selimundu ambao sisi tunawafahamu sana. Familia hazilipi chochote. Kambi nyingine ya ukoo huohuo, The Painted Turtle, ilifunguliwa mwaka 2004 huko Lake Hughes, California, nayo hupokea pia watoto wa maradhi ya matumbo.

Iliyo yao hasa huitwa Camp Oasis. Huendeshwa katika majimbo mbalimbali na shirika lijulikanalo leo kama Crohn's & Colitis Foundation, lililoanzishwa mwaka 1967 na familia mbili za New York zilizoguswa na maradhi haya, pamoja na daktari Henry Janowitz. Kila mmoja wa watoto wale anayo kolitisi au Crohn. Madaktari na wauguzi hukaa palepale kambini. Vijana walezi wanaolala nao mabandani, wengi wao ni wagonjwa vilevile, na baadhi walikuja kwanza wakiwa watoto. Kwa muda wa wiki moja hivi mtoto huogelea, hulenga shabaha kwa upinde, hupanda kuta za kamba, hucheza dansi usiku wa mwisho. Kwa kifupi, hufanya yaleyale wafanyayo watoto wa kambi nyingine zote.

Tulipomsomea binti yetu habari hizi hakuvutiwa na farasi wala ziwa. Aliuliza swali moja tu: "Nikitoka usiku kwenda chooni, wenzangu watasemaje?" Tukamjibu kwamba huenda atakuta mwenzake tayari amemtangulia mlangoni. Alicheka. Mama yake alituambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka kwa muda mrefu.

Tutazame basi jambo hili kwa makini. Kambini utumbo haujapona, na vidonge ni vilevile vya nyumbani. Kilichobadilika ni mpango wa mahali. Choo ki karibu, na hakuna anayeuliza ruhusa. Ukifika wakati wa dawa, watoto wote wa banda hunywa, wala hapana anayejificha nyuma ya mlango. Mtoto mwenye mfuko ubavuni anaweza kuvua shati akaingia majini, kwa kuwa si yeye peke yake aliyepasuliwa. Tunajiuliza: ikiwa mpango mdogo namna hii unamrudishia mtoto utoto wake kwa siku saba, ni nani aliyemnyang'anya siku nyingine zote za mwaka? Tulizoea kuusingizia ugonjwa, lakini sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi tuliopanga madarasa, mabasi na makanisa.

Hatutaki kuzipamba kambi hizi kupita kiasi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha uchunguzi wa watoto 61 waliojaza maswali kabla na baada ya kambi ya namna hiyo. Walijieleza kuwa na nafuu katika dalili za tumbo, katika kuchangamana na wenzao na katika kuzipokea tiba. Lakini wasiwasi wao, ulipopimwa kwa kipimo kingine, haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Nasi hatushangai. Mtoto anajua kwamba Jumamosi basi litamrudisha palepale alipotoka. Tena kambi humfikia yule tu ambaye ugonjwa wake umekwisha kupata jina, na kupata jina ni gharama. Hata katika nchi tajiri kama ile, mtoto wa maskini huchelewa kumwona bingwa, na anayechelewa hupoteza kimo chake na pengine utumbo wake.

Kwa sababu hiyo tunavutiwa zaidi na tukio lililotokea nje ya kambi. Katika jimbo la Illinois, msichana wa miaka 14 mwenye maradhi ya Crohn alikuwa dukani na mama yake tumbo lilipomshika ghafla. Aliomba kutumia choo cha wafanyakazi, akakataliwa, na yaliyomkuta pale mbele za watu mnaweza kuyafikiri wenyewe. Wengi wangerudi nyumbani na kunyamaza. Binti yule na mama yake walimwendea mbunge wao. Mwaka 2005 jimbo lilipitisha sheria inayolitaka duka lenye choo cha wafanyakazi kumruhusu mteja mwenye ugonjwa wa namna hii kukitumia, na majimbo mengine yakafuata. Binti huyo hakuomba ahurumiwe. Alidai kwamba mlango uliokuwepo tayari ufunguliwe. Sisi wa Kamati ya Haki na Amani, ambao aghalabu tunafikiri haki ni habari ya mashamba na magereza tu, tuna la kujifunza kwake.

Sasa turudi kwetu. Je, tuanzishe kambi kama zile? Kwa maoni yetu, hapana, walau si kwa sasa. Watoto waliokwisha gunduliwa kuwa na maradhi haya ni wachache na wametawanyika, na vipimo vyake vinapatikana katika hospitali chache. Lakini kambi zetu wenyewe tunazo. Kila likizo Utoto Mtakatifu hukusanyika, wanakwaya husafiri, vijana hulala katika madarasa ya shule kwa siku tatu au nne. Nani huachwa nyumbani? Tumejaribu kuhesabu katika jumuiya tano tu, tukapata watoto wawili wa selimundu, mmoja wa kifafa, mmoja wa kisukari, na binti yetu huyu. Hakuna kati yao aliyepata kwenda hata mara moja, wala hakuna kiongozi aliyewakataza. Wazazi wao walijua tu kwamba hakuna muuguzi, kwamba choo ki mbali, na kwamba mtoto wao atachekwa.

Tunawaomba basi viongozi mnaoandaa safari za watoto msiulize tena "nani anakuja?" peke yake, bali mwende nyumbani kwa yule asiyekuja. Parokia hii haikosi wauguzi wastaafu. Wawili wamekubali tayari kusafiri na watoto likizo ijayo na kutunza dawa zao. Makatekista wasimzuie mtoto anayeomba kutoka, wala wasimuulize sababu mbele ya darasa. Wazazi nao tunawasihi: mtoto anayeharisha kwa wiki nyingi, anayeona damu chooni, anayekonda au asiyeongezeka kimo, msimzungushe kwa dawa za minyoo mwaka mzima. Mpelekeni hospitali, na msiporidhika, ombeni barua ya kwenda hospitali ya rufaa.

Kuhusu binti mwenyewe, tulimwendea nyumbani kwao tukamwomba radhi, kwanza yeye, kisha mama yake. Alitusikiliza huku akitazama chini, akasema, "Haya, Baba." Hakusema zaidi. Ameanza dawa, siku nyingine ni njema na nyingine si njema. Alipata Kipaimara mwaka uliofuata akiwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango wa kando, mahali alipopachagua mwenyewe.

Liko jambo moja dogo la kuwajulisha kabla ya maswali. Choo cha parokia kilikuwa kikifungwa kwa kufuli wakati wa Misa kwa kuhofia wizi, na ufunguo ulikaa kwa mzee mtunza sakristia, aliyeulizwa nao mbele ya watu wote. Halmashauri imekubali kufuli iondolewe. Tangu wakati huo imeibwa ndoo moja, nasi tumenunua nyingine.