Moyo Ukisimama, Haraka Iko Wapi?

Ninyi askari wa jeshi na wa polisi, kwa miaka mingi hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa na desturi moja. Mtu aliyeanguka moyo ukasimama, kisha ukarudishwa, hupelekwa mbio, hata kama hajapata fahamu, akapitishwe mpira mwembamba mshipani hadi moyoni, ili ipigwe picha ya mishipa inayoulisha moyo. Hoja ilikuwa nyepesi: huenda mshipa umeziba, basi na uzibuliwe upesi.

Nchi tatu zilizo jirani ziliipima desturi hiyo badala ya kuiamini tu. Uholanzi ilitoa matokeo yake mwaka 2019. Ujerumani na Denmark, kwa pamoja, mwaka 2021. Kila uchunguzi ulihusu wagonjwa zaidi ya 500 ambao kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha dalili ya mshipa kuziba kabisa. Kwa kura, wengine walipigwa picha mara moja, wengine wakacheleweshwa. Huko Uholanzi, baada ya siku 90 walikuwa hai asilimia 64.5 ya walioharakishwa, na asilimia 67.2 ya waliocheleweshwa. Katika uchunguzi wa pili, siku 30 zilipopita walikuwa wamekufa asilimia 54 ya walioharakishwa na asilimia 46 ya waliongoja. Tofauti hizo hazitoshi kuthibitisha kwamba haraka inadhuru. Lakini faida yake iko wapi?

Isieleweke vibaya. Mwenye dalili ya wazi ya mshipa kuziba bado hupelekwa upesi, tena bila mjadala. Lakini huko Uholanzi wengi wa waliokufa waliuawa na ubongo ulioharibika kwa kukosa hewa wakati damu imesimama. Dakika hizo mpira wa daktari hauwezi kuzirudisha.

Na dakika hizo ndizo zenu. Askari akianguka gwarideni, daktari yuko mbali. Mwenzake yuko hapo hapo. Kama hana fahamu na hapumui sawasawa (kukoroma kwa kukatika-katika si kupumua, msidanganyike), msaada uitwe, alazwe chali mahali pagumu, na katikati ya kifua chake pakandamizwe kwa viganja viwili mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kifua kikiachwa kiinuke kila mara. Wakandamizaji wapokezane kila baada ya dakika 2, kwa kuwa mikono iliyochoka haifiki kina hicho, hata iwe ya askari shupavu.