Ufukwe Wetu wa Matema: Maneno ya Kamati Siku ya Harambee



Wengi wetu tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Hakuna aliyetufundisha. Ulishika ubavu wa mtumbwi wa mjomba, siku moja ukauachia, basi.

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, toka kwetu hadi linapotokea Mto Shire kwenda Zambezi. Sisi tumekaa kwenye kona yake ya kaskazini. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini, ule mwera, husafiri juu ya ziwa lote bila kizuizi, na mawimbi yake huja kuishia kwenye mchanga wetu. Asubuhi maji yametulia kama ya kwenye beseni; mchana hayaingiliki. Mgeni aliyeyaona saa mbili asubuhi hawezi kukuamini.

Mbele ya kijiji mchanga unateremka polepole, na hapo ndipo pa watoto. Lakini ukielekea Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu, Milima ya Livingstone inazama moja kwa moja majini. Hatua mbili kutoka kwenye mwamba, mguu haugusi kitu. Upande wa Lufilyo masika huleta tope, maji hayaonyeshi chini, na mamba wapo.

Mwaka jana tulimzika mtoto wa darasa la nne. Alikuja likizo kwa bibi yake, akaingia majini mahali ambapo kila mtoto wa hapa anajua hapaogelewi. Yeye angejuaje? Kibao hakikuwapo. Wavuvi walikuwa wamelala baada ya kazi ya usiku, na mtumbwi ulipomfikia alikuwa ameshakwenda. Vibao hivyo kamati tulivizungumza mikutano mitatu mfululizo, tukaviahirisha kwa sababu ya paa la zahanati. Bibi yake yupo hapa leo.

Tunachoomba ni vibao, kamba yenye maboya kuzunguka eneo la watoto, majaketi ya kuokolea, mashua ndogo ya injini, na posho ya vijana wawili waogeleaji siku za Krismasi na Pasaka, watu wanapofurika.

Lipo na la njia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini uzio wa viwanja unazidi kushuka, na watoto wanasukumwa kuogelea kule kwenye miamba. Baadhi ya wenye viwanja hivyo tumo humu humu ukumbini. Tuzirudishe nyuma nguzo zetu kabla ya kuombwa na serikali ya kijiji.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini, meza ya karibu na mlango. Asiye na fedha leo aandike mwezi. Mpunga na kokoa pia tunapokea.